Mbala: Mji Mdogo wa Mpakani na Hesabu ya Watu Wake

Askari anayelinda mpaka huizoea ramani kwa jicho la kazi yake. Huutazama mto, akautazama mlima, akapima njia na vivuko. Mji mdogo ulioko ng'ambo ya pili huwa kwake nukta nyeusi yenye jina kando yake. Lakini nukta hiyo ina soko, ina shule, ina kituo cha polisi, ina watu wanaozaliwa na kuzikwa hapo. Yafaa basi mara moja moja askari aiache ramani, aulize: mji huu ulianzaje? Nani anautawala? Na watu wake walihesabiwa lini, na kwa sababu gani?

Maswali hayo matatu yana majibu ya kufunza katika mji wa Mbala, ulioko kaskazini ya Zambia, mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa Tanzania upande wa Mkoa wa Rukwa. Mbala uko juu ya uwanda wa baridi, kwenye kimo cha zaidi ya meta 1,600 kutoka usawa wa bahari. Kando ya mji liko ziwa dogo liitwalo Chila. Ukishuka kaskazini-magharibi kiasi cha kilometa 40 unafika Mpulungu, bandari ya Zambia katika Ziwa Tanganyika. Ukielekea kusini kiasi cha kilometa 160 unaingia Kasama, makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini. Kwa upande wa Tanzania, njia ya kutoka Sumbawanga hupita Matai, ikavuka mpaka Kasesya.

Vitabu vya wakoloni viliandika kwamba mji huo ulianzishwa mwaka 1893, pale Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Kusini ilipomweka ofisa wake, Hugh Marshall, awe hakimu na mtoza kodi wa nchi ile. Uliitwa Abercorn, kwa heshima ya Mtawala wa Abercorn wa huko Uingereza, aliyekuwa mwenyekiti wa Kampuni hiyo. Mtu akisoma maneno hayo peke yake ataweza kudhani kwamba kabla ya 1893 palikuwa na msitu mtupu uliokuwa ukimngoja mgeni aje aupe jina.

Ukweli ni kinyume. Katika bonde la Mto Kalambo, mto unaogawa Zambia na Tanzania na kuanguka kwa kimo cha zaidi ya meta 200, wataalamu wamechimbua zana za mawe za watu wa kale. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba magogo mawili yaliyochongwa na kupandanishwa na binadamu yamepatikana hapo, nayo yana umri wa miaka kama 476,000. Hata tukiziacha zama hizo za mbali, Wamambwe na Walungu walikuwa wakilima ulezi na kufuga katika uwanda huo wakati Kampuni ilipofika. Walikuwa na machifu wao, Nsokolo kwa Wamambwe na Tafuna kwa Walungu, na walikuwa na sheria zao za ardhi na za urithi. Wamambwe na Walungu hao hao wako pia upande wa Tanzania hadi leo. Mpaka umepita katikati ya jamaa.

Mpaka huo una historia yake. Katika karne ya 19 uwanda ulio baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ulikuwa njia ya misafara ya pembe na ya watumwa, na vijiji vyake vilisumbuliwa pia na mashambulio ya majirani wenye nguvu. Miaka ya 1880 Kampuni ya Maziwa ya Afrika ilianza kupasua barabara ya kuunganisha maziwa hayo mawili, ikaitwa barabara ya Stevenson, kwa jina la tajiri aliyeigharimia. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mapatano ya kugawana nchi za watu. Mstari ulichorwa ili barabara ya Stevenson ibaki upande wa Waingereza. Waliokaa upande huu na upande ule hawakuulizwa. Abercorn basi ukaanzishwa kama kituo cha kuulinda mstari huo. Na Wajerumani nao wakawa na kituo chao ufukweni, Bismarckburg, mahali panapoitwa Kasanga.

Hiyo ndiyo asili ya mji: ngome ya kampuni ya biashara, iliyowekwa juu ya nchi ya watu waliokwisha kuwa na utawala wao.

Serikali ya namna hiyo ilihitaji kuwahesabu watu, lakini iliwahesabu kwa namna yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilianza kutozwa kodi ya nyumba, shilingi tatu kwa mwaka. Ofisa na matarishi wake walipita vijijini na daftari. Waliandika nyumba, wakaandika mwanamume anayepaswa kulipa. Mtoto hakuwa na maana katika daftari hilo, wala kizee asiyeweza kazi. Mtu alikuwa ni kodi aliyonayo, na kwa kuwa shilingi hazikupatikana kijijini, mtu akawa ni mikono ya kwenda kuajiriwa mbali.

Wanaume wa uwanda wa Mbala walitawanyika. Wengine walikwenda kusini, kwenye migodi ya Ukanda wa Shaba. Wengine walivuka mpaka wakaingia Tanganyika, wakakata mkonge katika mashamba makubwa. Mtaalamu mmoja, William Watson, aliyechunguza maisha ya Wamambwe na kuchapisha kitabu chake mwaka 1958, alionyesha jambo la kustaajabisha: pamoja na wanaume wengi kuwa mbali, vijiji vya Wamambwe havikuvunjika. Waliobaki walishirikiana kulima, na aliyekwenda kazini alijua kwamba shamba lake na nafasi yake katika ukoo zinamngoja. Kwa maneno mengine, daftari la mkoloni liliwaona watu kama vibarua, lakini kijiji kiliendelea kuwaona kama watu.

Kisha vikaja vita. Wahenga walinena kwamba wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi, na nyasi za vita vya 1914 zilikuwa watu wa nchi hizi. Mwanzoni mwa Septemba 1914 majeshi ya Wajerumani yaliushambulia Abercorn. Waliowazuia walikuwa hasa polisi wa Rhodesia ya Kaskazini, yaani askari Waafrika chini ya maofisa Waingereza. Na kikosi cha msaada kilikuja kwa miguu, kwa mwendo wa haraka, kutoka Kasama. Mwaka uliofuata, mwisho wa Julai hadi mwanzo wa Agosti 1915, ngome ya Saisi, mashariki ya mji, ilizingirwa na Wajerumani. Waliokuwa ndani ya ngome, wakiwamo askari kutoka Kongo iliyokuwa chini ya Wabelgiji, wakavumilia mpaka adui akaondoka.

Wengi wa wasikilizaji watakuwa wamesikia jina la Jemadari von Lettow-Vorbeck. Habari za kwisha kwa vita huko Ulaya zilimkuta akiwa katika Rhodesia ya Kaskazini, kusini ya Kasama, siku chache baada ya mapatano ya tarehe 11 Novemba 1918. Aliamriwa apeleke jeshi lake Abercorn. Hapo, tarehe 25 Novemba 1918, jeshi hilo liliweka silaha chini mbele ya Jemadari Edwards wa Uingereza. Wazungu hawakuzidi mia na nusu kwa wingi wa kutajika. Askari Waafrika walikuwa zaidi ya 1,100. Nyuma yao walisimama wapagazi, wanaume kwa wanawake, ambao idadi yao haiandikwi sawasawa hata katika vitabu viwili.

Askari yeyote anayesikiliza mazungumzo haya anajua maana ya orodha. Anajua kwamba kikosi huhesabiwa asubuhi na jioni, na kwamba jina likikosekana hutafutwa. Vita vile vilichukua maelfu ya wapagazi kutoka vijiji vya uwanda huo, wakabeba unga, risasi na majeruhi vichwani na mabegani mwao, katika nchi isiyo na reli wala gari. Wengi walikufa kwa kuhara, kwa homa na kwa njaa. Jina la jemadari linajulikana, na tarehe yake inajulikana. Lakini mtu aliyebeba mzigo wake mara nyingi hata hesabu hakupewa. Vita hivyo vilimalizikia Abercorn, na hesabu yao ikabaki pungufu hapo hapo.

Mwaka 1924 utawala ulitoka mikononi mwa Kampuni ukaingia wa Serikali ya Uingereza. Miaka ya 1930 ilipoanza, machifu walipewa mabaraza na mahakama chini ya sheria ya utawala wa wenyeji, lakini fimbo ilibaki kwa Mkuu wa Wilaya. Mji wenyewe, pamoja na nyumba zake za matofali na bustani zake za kando ya Ziwa Chila, ulikuwa mahali pa Wazungu wachache. Mwafrika aliingia mjini kwa kazi, mkononi ana cheti chake kilichoitwa chitupa. Asipokuwa nacho, kosa ni lake.

Mji mdogo huo, hata hivyo, uliwapokea wageni wa kila namna. Wakati wa Vita Kuu ya Pili walifika wakimbizi wa Kipolandi, mamia ya wanawake, watoto na wazee waliofukuzwa makwao na vita vya Ulaya, wakajengewa kambi hapo Abercorn. Na mwaka 1949 mji ulifanywa makao ya Shirika la Kimataifa la Kuzuia Nzige Wekundu. Nzige hao walikuwa wamezisumbua nchi nyingi za Afrika katika miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940, nao huzaliana katika nyanda za majimaji kama vile bonde la Rukwa katika Tanzania na Mweru wa Ntipa katika Zambia. Siku hizi makao ya kazi hiyo yako Ndola. Lakini somo lake lilionekana kwanza Mbala: nzige hajui mpaka, na jirani asiyejali shamba la mwenzake atalipoteza na lake.

Jambo la kushangaza katika mambo yote haya ni hili. Wazungu wa Rhodesia ya Kaskazini walihesabiwa katika sensa tangu mwaka 1911. Waafrika walikadiriwa tu kwa kupigia hesabu madaftari ya kodi. Sensa kamili ya kwanza ya Waafrika wa nchi ile haikufanywa mpaka mwaka 1963. Kwa muda wa zaidi ya nusu karne, serikali ilijua idadi ya nyumba zilizolipa shilingi, lakini haikujua ina watoto wangapi wa kupeleka shule.

Wananchi walilijibu jambo hilo kwa moto. Mwaka 1961, katika harakati za kudai uhuru, watu wa Mkoa wa Kaskazini na wa Luapula walifunga barabara, wakabomoa madaraja, na wengi wakachoma vitupa vyao hadharani. Haikuwa karatasi iliyochukiwa. Kilichokataliwa ni hesabu ya namna ile, hesabu inayomwandika mtu ili achukuliwe kitu, bila kumwandika ili apewe sauti. Miaka miwili baadaye sensa ikafanyika, Januari 1964 ukafanyika uchaguzi mkuu, na tarehe 24 Oktoba 1964 Zambia ikawa huru. Baada ya uhuru jina la Mtawala wa Abercorn liliondolewa na mji ukaitwa Mbala.

Kuondoa jina la mgeni ni kazi ya siku moja. Kuufanya mji uwe wa wenyewe ni kazi ya vizazi, na hapo ndipo inapoingia habari ya serikali za mitaa.

Sheria ya mwaka 1965 iliwapa Wazambia mabaraza ya kuchaguliwa, mijini na vijijini. Mwaka 1980 ikatungwa sheria nyingine iliyounganisha baraza na chama kilichotawala. Wilaya ikaongozwa na gavana aliyeteuliwa, na wenyeviti wa chama katika kata wakawa ndio madiwani, nao walichaguliwa na wanachama peke yao. Nia iliyotajwa ilikuwa kuyapeleka madaraka karibu na wananchi. Matokeo yake yalikuwa kwamba mtu asiye na kadi ya chama alikosa kura juu ya kisima chake mwenyewe. Mwaka 1991, mfumo wa vyama vingi uliporudi, ilitungwa sheria ya kuwarudishia wananchi wote uchaguzi wa madiwani.

Mtanzania hana haja ya kuyacheka mambo hayo. Tanzania nayo ilizivunja halmashauri za wilaya mwaka 1972 kwa nia hiyo hiyo ya kupeleka madaraka mikoani, na baada ya miaka kumi, mwaka 1982, ikatunga sheria ya kuzirudisha. Nchi mbili jirani zilipita njia moja na kujifunza neno moja, ambalo wahenga walikuwa wamekwisha kulisema: fimbo ya mbali haiui nyoka.

Katika Zambia hatua nyingine ilichukuliwa mwaka 2016. Katiba iliyorekebishwa mwaka huo iliweka kwamba meya au mwenyekiti wa baraza achaguliwe moja kwa moja na wapiga kura wote, ambapo zamani alichaguliwa na madiwani wenzake. Iliweka pia kwamba machifu wa wilaya wawe na wawakilishi katika baraza, wasiozidi watatu. Kwa nchi kama Mbala, yenye machifu wa Wamambwe na wa Walungu, jambo hilo si dogo. Ardhi kubwa ya wilaya iko chini ya machifu, na soko, maji na usafi viko chini ya baraza. Wakikaa meza mbalimbali, mwananchi huzungushwa kati ya milango miwili.

Fedha nazo zilifuata. Mwaka 2022 Serikali ya Zambia ilipandisha fungu la maendeleo la kila jimbo la uchaguzi kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7 kwa mwaka. Fungu hilo hujenga madarasa na zahanati, hulipia vijana masomo, na hukopesha vikundi. Maombi huanzia katika kamati za maendeleo za kata. Penye fedha nyingi pana macho mengi, na hapana budi macho hayo yawe ya wananchi wenyewe, wanaojua ni daraja lipi limejengwa na lipi limejengwa kwenye karatasi tu.

Na sasa hesabu ya watu. Katika sensa ya mwaka 2010 Wilaya ya Mbala ilikuwa na watu 203,129. Mkoa mzima wa Kaskazini ulikuwa na watu 1,105,824. Basi Mbala peke yake ilikuwa na karibu watu 18 kati ya kila 100 wa mkoa, ikipitwa na Kasama tu iliyokuwa na 231,824. Mpulungu, ambayo hapo zamani ilikuwa sehemu ya Mbala na ikafanywa wilaya mbali katika miaka ya 1990, ilikuwa na watu 98,073. Walio wengi katika hesabu hiyo ya Mbala hawakai mjini. Ni wakulima wa mahindi, maharage, ulezi na karanga, ambao mji kwao ni mahali pa kuuzia mazao, pa kutibiwa, pa kusikiliziwa kesi na kuchukulia vyeti.

Tangu hapo wilaya imegawanywa tena, na eneo la Senga Hill likapewa wilaya yake. Mtu asiyeijua habari hii anaweza kuona kwamba Mbala imepungua. Haikupungua, imezaa. Kila wilaya mpya ina maana ya ofisi iliyo karibu zaidi, na mama mwenye mtoto mgonjwa anayetembea nusu ya mwendo aliokuwa akitembea. Lakini ina maana pia ya mishahara mipya, majengo mapya na magari mapya, na nchi yenye fedha kidogo yaweza kujikuta imejenga ofisi ya mganga pasipo dawa. Hilo ni jambo ambalo sensa peke yake haiwezi kuliamua. Ni la wananchi na mabaraza yao.

Ipo hatari nyingine inayoukabili mji mdogo wa namna hii. Reli ya Uhuru, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilipita Nakonde na Kasama, ikauacha Mbala pembeni. Biashara hufuata njia, na vijana hufuata biashara. Mji ulioanza kama kituo cha kulinda barabara umelazimika kutafuta maisha yake kwa kilimo, kwa shughuli za ziwa na bandari ya Mpulungu, na kwa biashara na majirani wa Rukwa.

Ndugu wasikilizaji, habari hii ina neno la kuwahusu askari na polisi wenyewe. Abercorn ulikuwa mji wa silaha. Ulikuwa na ngome, askari na daftari la kodi, nao ulidumu kwa jina hilo miaka 70 na ushei. Pamoja na hayo, siku wananchi walipoamua kuchoma vitupa, silaha zile hazikuweza kuwarudisha katika daftari. Mamlaka yalikuwapo, lakini hayakuwa yao.

Polisi wa mpakani hutegemea habari kutoka kwa mwanakijiji aliyeona mgeni, aliyesikia ng'ombe wakipitishwa usiku, aliyekuta bunduki porini. Mwanakijiji huyo hutoa habari kwa hiari anapojua kwamba ofisi iliyoko mjini inamhesabu kuwa mtu, kwamba diwani wake anaweza kuulizwa, na kwamba akifika kituoni atasikilizwa. Akihesabiwa kwa kodi na kwa makosa yake tu, atanyamaza, naye ana haki ya kunyamaza. Na kwa kuwa Mmambwe wa Mbala ana shangazi yake Kalambo, na Mlungu wa Kasanga ana mjomba wake Mpulungu, heshima anayopewa mtu upande mmoja wa mpaka husikika haraka upande wa pili.

Miaka mia moja na zaidi imepita tangu jeshi liweke silaha chini pale Abercorn. Wapagazi wa vita vile hawawezi tena kuandikwa wote. Wajukuu na vitukuu vyao wameandikwa, wana kura, wana baraza, na mji una jina lao. Ulinzi wa mpaka, upande ule na upande huu, unaanzia hapo.